Mwandazi arudishiwe jina na hadhi yake

Kiswahili kina neno ambalo wengi wetu tumelisahau, nalo ni mwandazi. Asili yake ni kitenzi andaa, na katika kamusi maana yake ni mpishi, hasa yule aliyebobea katika vyakula vitamu vya unga, sukari na samli. Vyakula hivyo kwa jumla ndivyo vilivyoitwa maandazi. Leo maana hiyo imefinyika. Andazi ni kile kipande cha unga uliokaangwa tunachonywea chai asubuhi, naye mwandazi ametoweka katika mazungumzo yetu.

Hili si suala la wanaisimu peke yetu. Kazi isiyo na jina ni vigumu kuitengea cheo, mtaala au mshahara wa haki. Mara nyingi katika hoteli zetu mpishi mkuu hutajwa na kupongezwa, ilhali aliyeandaa kitamutamu cha kumalizia mlo huitwa tu "kijana wa keki".

Hata hivyo, kazi yake ni ngumu. Mchuzi ukipungukiwa na chumvi, mpishi huiongeza sufuria ikiwa bado mekoni. Mwandazi hana nafasi hiyo. Keki ikishaingia tanurini, kosa la vipimo halirekebishiki tena. Ndiyo maana mizani haimtoki mkononi. Isitoshe, sahani yake ndiyo ya mwisho, na ndiyo mgeni anayoondoka nayo akilini.

Wafaransa walilitambua hilo zamani. Antonin Carême, aliyefariki mwaka wa 1833, alizaliwa katika ufukara, akajifunza kazi katika duka la mwandazi mmoja mjini Paris. Alipopata nafasi alikwenda katika maktaba kuu kuchunguza michoro ya majengo ya kale, kisha akaigeuza kuwa minara ya sukari kwenye meza za wakubwa. Mwaka wa 1815 alichapisha kitabu kuhusu fani yake. Huko New York, Claudia Fleming alianza kuandaa vitamutamu katika mkahawa wa Gramercy Tavern mwaka wa 1994. Hakutegemea mapambo mengi, bali matunda ya msimu na majani ya viungo kutoka sokoni. Mwaka wa 2000 alitunukiwa tuzo ya James Beard ya mwandazi bora nchini Marekani.

Wote wawili walianza na kilichokuwa karibu nao, wakakiongezea fikra. Je, sisi tumepungukiwa na nini? Pwani yetu ina mkate wa sinia, ambao mchele wake hulowekwa, ukasagwa kwa tui na hiliki, ukaachwa uumuke, kisha ukaokwa kwa makaa ya chini na ya juu. Tuna kaimati za shira, visheti, kashata, na halua inayokorogwa hadi mkono uchoke. Huo ni ujuzi kamili wa vipimo, moto na muda. Lakini majuzi, katika hoteli moja ya ufuoni, nilisoma orodha nzima ya vitamutamu nisione hata kimoja cha Pwani. Sidharau vya wageni. Ninachouliza ni kwa nini kijana wetu aliyesomea kazi hii aajiriwe kuiga tu.

Yapo yanayoweza kutendwa. Chuo cha Utalii, kilichoanzishwa mwaka wa 1975, na vyuo vingine vya hoteli viwaalike akina mama wa Lamu na Mombasa wafundishe kama walimu, wala si kama watumbuizaji wa siku ya utamaduni. Sheria ya mwaka wa 2014 kuhusu mfumo wa kitaifa wa sifa za kitaaluma inatambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Basi waokaji wa mitaani nao wapimwe na kupewa vyeti. Wenye hoteli nao waandike kwenye orodha zao jina la chakula kwa Kiswahili, na jina la aliyekibuni.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Mwandazi wetu amecheza kwao muda mrefu bila tuzo. Tuanze kwa kumwita kwa jina lake, kisha tumlipe kulingana na jina hilo.