Hema la Wawili

Shosti, ukitaka kuipima ndoa yako, laleni hema moja milima ya Uluguru mwezi wa Aprili. Mimi na mwenzangu tulilala Morningside, juu ya mji wa Morogoro, kwenye hema la bei chee nililolichagua mwenyewe kwa sababu ya rangi. Saa nane usiku maji yakapenya kwenye mishono. Jamaa hakusema neno mpaka asubuhi. Ukimya ule uliniuma kuliko baridi.

Safari hii nimekagua kabla ya kulipa. Sakafu ihimili maji kwa kipimo cha milimita 3,000 au zaidi, na mishono iwe imezibwa kwa utepe. Turubai la juu lishuke karibu na ardhi, na libakishe kibaraza cha viatu vya matope. Matundu ya hewa je? Usiyadharau jamani: pumzi za watu wawili zikikosa pa kutokea hugeuka matone, mkadhani hema linavuja! Uzito, kilo 2 hadi 3, mgawane mgongoni.

Juzi mwenzangu kalisimamisha uani, kalimwagia ndoo mbili za maji, kaingia kupapasa sakafu. Alipotoka akaniuliza tunaondoka lini.