Goma: Mhandisi mwanamke anafikaje kwenye uongozi?

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa. Wakaaji wengi walichota maji moja kwa moja katika ziwa Kivu. Siku kama hizo mji mzima hutegemea wahandisi, na mkuu wao ndiye huamua laini ipi itengenezwe kwanza. Wanawake wanaokalia kiti hicho bado ni wachache.

Si kwamba sheria inakosekana. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2006 kinadai usawa wa wanawake na wanaume, na sheria ya Agosti 2015 ilieleza namna ya kuutekeleza. Mwaka 2016, marekebisho ya Sheria ya Familia yaliondoa sharti la mke kuomba ruhusa ya mume kabla ya kusaini mkataba.

Mfano upo. Sandrine Mubenga, mhandisi wa umeme, nusura afariki akiwa na miaka 17 huko Kikwit, kwa sababu hospitali ilikosa umeme wa kumfanyia upasuaji. Mwaka 2020 aliteuliwa na Rais Félix Tshisekedi kuongoza ARE, mamlaka ya kusimamia sekta ya umeme nchini.

Lakini uteuzi wa Rais hugusa ngazi ya juu tu. Mhandisi hujifunza kuongoza akiwa chini: anapewa mafundi watano, kisha bajeti, kisha idara. Msichana akiwekwa ofisini kuchora ramani na kuandika ripoti, huku mwenzake wa kiume akipelekwa kwenye nguzo na mitaro, matokeo yanajulikana. Miaka kumi baadaye, cheo kikitokea, ataambiwa hana uzoefu wa kazi ya nje.

Hapo ndipo Goma ina nafasi. Sheria ya Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa kampuni binafsi. Leo kuna kituo cha Matebe cha Virunga Energies huko Rutshuru, na mtambo wa jua wa Nuru hapa mjini. Kampuni changa hazina desturi za zamani za kuzivunja. Zinaweza kuanza vizuri.

Kwa hiyo, kuhesabu wanawake walioajiriwa hakutoshi. Mwajiri aulizwe pia: ni wangapi amewakabidhi kikosi chao cha kwanza?