Tumbaku si dawa ya macho ya kondoo!

Jamani, leo niacheni niseme. Nimerudi kutoka Mishamo na vumbi hadi kwenye kope, na nina hasira.

Nilikwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Asubuhi moja nikamkuta mzee mmoja kambana kondoo katikati ya magoti, anatafuna tumbaku, kisha puu! anamtemea jichoni. Akamshika wa pili. Puu! Kondoo kumi na mmoja walikuwa wanatiririka machozi, na wawili kati yao macho yalishavaa utando mweupe, wanajigonga kwenye miti.

"Shikamoo mzee. Hiyo inasaidia kweli?"

"Marahaba kijana wangu. Mwaka juzi walipona wote."

Hapo ndipo penye kazi, wadau, kwa sababu hadanganyi. Ugonjwa huu wa macho huletwa mara nyingi na bakteria wa jamii ya mikoplazma au klamidia, na kondoo wengi hupona wenyewe ndani ya wiki mbili tatu, utawatemea au hutawatemea. Tumbaku inachukua sifa ya kazi iliyofanywa na mwili wa kondoo. Mbaya zaidi, mtemaji anawasaidia nzi: mikono ileile inashika nyuso kumi na moja bila kunawa. Na jicho lenye kidonda ukilichoma kwa tumbaku au chumvi unalisogeza kwenye upofu wa kudumu.

"Ah, kondoo tu." Hiyo nimeambiwa na watu wazima wenye akili zao! Ng'ombe akikohoa kijiji kizima kinajua, kondoo akipofuka anapelekwa mnadani haraka kabla mnunuzi hajamtazama usoni. Ndivyo ugonjwa unavyohama zizi kwa zizi. Tena kondoo anayeonekana mzima anaweza kuubeba kimya kimya. Huko Ulaya, kwenye milima ya Alps, mikoplazma hiyohiyo hupofusha mbuzi mwitu wakaporomoka magenge. Kwetu hakuna magenge, ila jike mwenye mimba asiyeona malisho anashinda njaa, na anaweza kufa yeye na kilicho tumboni. Kwa mama anayetegemea jike huyo kwa ada ya mtoto, hiyo si "kondoo tu".

Mzee alishajaribu duka la dawa. Aliuziwa sindano kwa kukisia, mililita moja moja kwa kila kondoo, bila kuulizwa uzito. Wizi huo! Oksitetrasaiklini ya muda mrefu, ile ya asilimia 20, kwa kawaida ni mililita moja kwa kila kilo kumi, kwa hiyo kondoo wa kilo thelathini anataka tatu. Dozi pungufu inawazoesha bakteria dawa. Na muuzaji hakutaja siku za kuacha maziwa na nyama, ingawa zimeandikwa kwenye chupa.

Watenge wagonjwa, wape kivuli maana mwanga unawaumiza, walio vipofu wawekee maji na majani karibu. Wahudumie wazima kwanza, wagonjwa mwisho, unawe mikono kila unapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Aliyenunuliwa mnadani akae peke yake wiki kadhaa.

Haya yote angeyasema afisa mifugo. Mzee anasema hajamwona zizini kwake. Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa 1972, watu wakapewa majembe na pori, wakalilima. Mwaka 2014 wakimbizi hao na watoto wao, zaidi ya 150,000 ukijumlisha Katumba na Ulyankulu, walipewa uraia wa Tanzania. Raia anadai huduma, haombi fadhila! Mpeni afisa mifugo pikipiki na mafuta, kisha muulizeni kila mwezi amefika mazizi mangapi.

Mzee alinawa mikono, akatema tumbaku iliyobaki chini safari hii. Akaniuliza tyubu ya dawa ya macho ni shilingi ngapi. Nikaona aibu, mwandishi mzima sijui bei.