Kabla hujanunua kadi ya grafiki, fungua kwanza sanduku

Mama mmoja wa Mbagala ameniandikia wiki hii. Mwanaye wa kidato cha tatu anataka kadi ya grafiki ili acheze gemu ya mpira kwenye kompyuta ya nyumbani. Duka moja limemtajia kijana kadi aina ya Radeon RX 580, iliyotumika, yenye GB 8, kwa shilingi 450,000. Zamu ya mama ya upatu inafika mwezi ujao, na pesa hiyo ilishapangiwa kazi. Kijana amesema kadi itamsaidia pia kwenye somo la kompyuta. Mama akakataa, na sasa ni wiki ya pili mtoto anakula na kuondoka mezani bila neno. Anachoniuliza ni kimoja: je, mtoto anamdanganya, au mtoto ndiye anayedanganywa dukani?

Bahati nzuri alinitumia picha ya stika iliyo kwenye kompyuta na nyingine ya ndani, mfuniko ukiwa umetolewa. Kwa hiyo naweza kumjibu bila kubahatisha. Mama, pesa hiyo usiitoe. Kadi hiyo haitaingia kwenye kompyuta yako, na hata ikilazimishwa kuingia haitafanya kazi.

Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex 7050 ya umbo dogo, prosesa yake Core i5-7500, RAM GB 8. Wengi wetu tunazo za namna hii, zilizotumika kwenye ofisi za nje zikaja kuuzwa huku kama mtumba. Ni mashine nzuri, ngumu, hazili umeme mwingi. Lakini zilitengenezwa kwa ajili ya karani, na hilo linaonekana kwenye pawa saplai, yaani lile boksi la bati nyuma linalopokea waya wa umeme. Yake inatoa wati 180 kwa kompyuta nzima. RX 580 peke yake inahitaji wati 185. Hapo bado hujaihesabu prosesa, feni wala diski.

Wengine watamwambia anunue pawa saplai kubwa. Fundi akisema hivyo, mwombe akuonyeshe plagi. Kwenye kompyuta nyingi za ofisini za Dell na HP, plagi inayoingia kwenye ubao mkuu, ule mafundi wanaouita mazabodi, si ile ya kawaida ya pini 24. Ni ya kwao wenyewe. Pawa saplai ya kawaida haichomeki bila waya wa kuunganishia, na umbo lake halikai ndani ya kasha dogo. Halafu kadi yenyewe ni ndefu na pana kuliko nafasi iliyopo. Kasha hili linapokea kadi zenye kimo cha nusu tu, zenye kipande kifupi cha bati pale zinapofungwa skrubu. Kwa hiyo kwa laki 4 na nusu familia ingepata pambo la juu ya kabati.

Hapa niseme kidogo kuhusu neno linaloleta mkanganyiko madukani. Sisi tumezoea kuliita sanduku lote CPU. Mtoto akiambiwa na rafiki kwamba CPU yake ni ndogo, mzazi anafikiri kasha ni dogo. CPU ni prosesa, kidude cha ukubwa wa stempu kilichofichwa chini ya feni. Dukani wanajua tofauti hiyo, na asiyeijua anauziwa sanduku jipya wakati alihitaji kipande kimoja.

Sasa turudi kwa kijana. Je, ameongopa kuhusu masomo? Nadhani amevuta kamba kidogo, na hata hilo linategemea anachosoma. Kuandika programu, kutengeneza jedwali, kutafuta habari kwenye intaneti, yote hayo kompyuta yenu inayafanya kwa grafiki iliyomo ndani ya prosesa. Kadi ya pembeni inasaidia kweli kwenye kuhariri video, kuchora vitu vya pande tatu kwa programu kama Blender, na kwenye gemu. Muulize, bila kumkaripia, ni kazi gani ya darasani inayokwama sasa hivi. Akikuonyesha, ana hoja. Akikaa kimya, mpe nafasi ya kusema kwamba anataka gemu. Kutaka gemu si kosa, na mtoto anayeweza kukwambia hivyo waziwazi ni rahisi kuzungumza naye bei.

Swali linalofuata ni gemu gani hasa. Hapa wazazi wengi tunaruka, tunaanzia kwenye kadi. Kila gemu ina mahitaji yaliyoandikwa na watengenezaji wake, na kijana anaweza kukuonyesha kwenye simu kwa dakika 1. EA Sports FC 24, gemu ya mpira iliyotoka mwaka 2023 baada ya jina la FIFA kuachwa, inataka kwa kiwango cha chini kadi ya GeForce GTX 1050 Ti au Radeon RX 570, RAM GB 8, na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Grand Theft Auto V, ambayo watoto wengi wanaitaja, ni ya zamani zaidi na inaridhika na kadi dhaifu kuliko hiyo, lakini alama yake ya umri huko Ulaya ni miaka 18, na imewekwa hivyo kwa sababu. Gemu ya mpira imewekewa miaka 3. Tatizo lake liko kwingine: ndani yake mna pakiti za wachezaji zinazonunuliwa kwa pesa halisi. Usiache namba ya kadi yako ya benki ikihifadhiwa humo.

Tazama tena ile GB 100, mzazi unayenunua bando. Ukipakua gemu hiyo kwa bando la simu, hesabu mwenyewe itakula kiasi gani kabla mpira haujapigwa. Nimeona familia zikibishana wiki nzima kuhusu bei ya kadi, gharama hii ikiwa haijatajwa kabisa. Na njia ya mkato, yaani kununua gemu zilizovunjwa kufuli kwenye flashi, sikushauri hata kidogo kwenye kompyuta ambayo baba au mama anafungulia akaunti ya benki. Virusi wa kuiba nywila hupenda sana kusafiri humo.

Kwa kompyuta ya mama huyu, kadi inayofaa ina sifa tatu. Iwe ya kimo cha nusu, isihitaji waya wake wa umeme kutoka kwenye pawa saplai, na isiwe nene kuliko nafasi iliyopo. Tundu la kadi kwenye ubao mkuu linatoa hadi wati 75, kwa hiyo tunatafuta kadi isiyozidi hapo. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zipo za kimo cha nusu, zote zina GB 4, na nyingi hazihitaji waya wa ziada, ingawa kuna GTX 1650 zenye tundu la pini 6 na hizo uziache. Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 inakula wati 53 tu, ni nyembamba, na kwa kasha hili ndiyo ningeiulizia kwanza. Ina kasoro moja ambayo muuzaji hataitaja: kwenye ubao wa kizazi hiki hupoteza sehemu ya kasi yake, kwa kuwa inapitisha data kwenye njia 4 tu badala ya 16. Bado inatosha kwa mpira. Kadi za Intel Arc ni nzuri kwenye kompyuta mpya, lakini hii ya kwenu si mpya, na bila kipengele cha Resizable BAR zinachechemea. Ziacheni.

Lakini kabla ya kadi, nunueni kipande cha pili cha RAM. Kwenye picha naona kipande kimoja cha GB 8 na matundu mengine matupu. Vipande viwili vikifanya kazi kwa pamoja, prosesa inapata data kwa njia mbili, na grafiki ya ndani, ambayo haina kumbukumbu yake yenyewe na inaazima kwenye RAM, inapata nguvu inayoonekana kwa macho. Ni DDR4, aina inayopatikana kwa urahisi. Kuna gemu za zamani na nyepesi ambazo kijana ataweza kucheza kwa hilo tu. Kama diski bado ni ile ya kuzunguka, SSD itafuata. Haiongezi kasi ya picha kwenye gemu, lakini kompyuta itawaka upesi, na hiyo ni faida ya nyumba nzima.

Angalieni pia skrini. Kama ni ile ya ofisini yenye plagi ya bluu ya VGA, kadi nyingi za sasa hazina tundu hilo, na mtahitaji kigeuzi cha kutoka HDMI. Na skrini ya kawaida huonyesha picha 60 kwa sekunde, basi. Kadi inayosukuma picha 140 kwenye skrini hiyo ni kama kununua matairi ya mbio kwa ajili ya foleni ya Buguruni.

Kuhusu vilivyotumika, niseme kwa urefu kidogo maana ndipo pesa zinapopotelea. Kwa miaka kadhaa watu walinunua kadi za grafiki kwa makumi ili kuchimba sarafu za mtandaoni, hasa Ethereum. Septemba 15, 2022, Ethereum ilibadili mfumo wake na uchimbaji wa kadi ukakoma kwa sarafu hiyo. Kadi nyingi zikaingia sokoni, RX 580 zikiwa miongoni mwazo. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, ila feni zake zimezunguka usiku na mchana, na mafuta ya kupoozea chini ya bati lake yameshakauka. Kuna pia RX 580 yenye maandishi madogo ya 2048SP, ambayo ina viini 2,048 badala ya 2,304. Jina ni lile lile, nguvu si ile.

Mbaya zaidi ni za bandia. Kadi ya zamani sana, tuseme GTX 550 Ti ya mwaka 2011, inaandikwa upya programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows inaamini. Mnunuzi anaamini. Gemu ndiyo inayokataa. Kinga yake ni programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo huweka neno la kuonya kuwa ni bandia pale jina na kidude cha ndani visipolingana. Kijana aje nayo kwenye flashi. Na ukiona GTX 1050 Ti yenye tundu la VGA, shuku, maana vidude vya kizazi hicho havitoi tena alama hiyo vyenyewe.

Kuhusu umeme: kompyuta na skrini zikila wati 200 wakati wa gemu, saa 5 ni uniti 1. Zidisha kwa bei unayonunulia LUKU uone mwezi unasomaje. Kinachoniogopesha zaidi ya uniti ni umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Chombo cha kudhibiti umeme kiwepo kabla ya kadi, hata kama kijana atasema kinachelewesha mambo.

Jambo la mwisho la kupima ni umri wa mashine yenyewe. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 rasmi huanzia kizazi cha 8. Hii ya kwenu ni ya 7. Itaendelea kuwaka, lakini baadhi ya gemu za mtandaoni zinazidi kudai usalama wa mashine mpya. Ndiyo maana nisingeweka kwenye sanduku hili pesa inayokaribia thamani ya sanduku lenyewe. Kama kijana anataka mpira tu na si kingine, PlayStation 4 iliyotumika inaweza kumtosha, na kompyuta ikabaki ya kazi. Kama anataka kujifunza kuhariri video, mvutano wa sasa ungegeuzwa kuwa mpango wa miezi kadhaa wa kupata kasha kubwa lenye pawa saplai ya kawaida, na yeye achangie.

Kwa mwezi huu, mama, upatu wako ufanye kazi uliyoipangia. Mpe kijana pesa ya kipande cha RAM ukiweza, na karatasi. Aandike gemu anayotaka, mahitaji yake, wati za kadi, kimo chake, na bei kutoka maduka matatu. Mwambie pia kwamba lile la wati 180 hukulitoa kichwani mwako, ili asidhani umetafuta kisingizio; mwonyeshe stika ya pawa saplai mwenyewe asome.

Na siku mtakayokwenda kununua, nendeni na sanduku, si kwa maelezo. Kadi ifungwe mbele yenu, GPU-Z ifunguliwe, gemu ichezwe nusu saa huku mkisikiliza feni. Risiti iandikwe jina kamili la kadi na namba iliyo mgongoni mwake, pamoja na siku za kurudisha. Muuzaji akisema hana muda wa nusu saa, wa mlango wa pili atakuwa nao.