Jiazime Kinywa cha Jirani
Mtazamaji wa tamthilia huweza kucheka, kisha akaenda zake; mwigizaji hana budi kumwelewa mhusika wake. Hapa Bujumbura, Studio Ijambo ilianzishwa mwaka 1995, wakati wa vita. Ndiyo iliyotayarisha mchezo wa redio wa Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu, kuhusu familia mbili zinazopakana, moja ya Wahutu, nyingine ya Watutsi. Msikilizaji alizisikia nyumba zote mbili. Nasi tuiendeleze kazi hiyo darasani: mnapogawana wahusika, wewe omba nafasi ya yule usiyekubaliana naye. Ukishayatamka maneno yake kwa dhati, itakuwia vigumu kumwita adui kabla hujamsikiliza.