Damu ya Bei Poa

Jamani wapenzi wa damu, leo tugombane. Mnautukuza mkanda wa Guinea Pig ulioongozwa na mchora katuni Hideshi Hino mwaka 1985, eti kwa sababu mwaka 1991 Charlie Sheen aliuona, akadhani mauaji ni ya kweli, habari zikafika FBI. Sawa, mafundi walijua kazi. Lakini yule dada anayekatwa vipande, tunamjua? Wapi! Nyama tu ya buchani.

Sasa tazameni Audition ya Takashi Miike, 1999. Mgane Aoyama anaitisha usaili wa uongo wa waigizaji ili ajipatie mke. Kitambo kirefu mambo ni shwari, mpaka unapiga miayo. Kisha Asami yuko sakafuni, kichwa kainamisha, anangoja simu. Simu ikilia, gunia nyuma yake linafurukuta. Mie hapo niliwasha taa, sioni haya kusema. Waya wa kukatia mguu unakuja baadaye, na unauma kwa kuwa mwenye mguu tunamjua, na uongo wake tunaujua.

Halafu nyie mnaoandika hadithi zenye matumbo nje tangu ukurasa wa kwanza, ati mnamfuata Miike! Miike alingoja. Nyie hata jina marehemu hamjampa.