Amoksilini Isipofua Dafu: Swali Libadilike Kabla ya Dawa

Mama anarudi zahanati na mwanawe wa miaka 8. Ni siku ya nne tangu mtoto aanze amoksilini, na hajaruka dozi hata moja. Hata hivyo kikohozi kikavu kinamkosesha usingizi, na homa haijakatika. Mtoto mwenyewe anatembea, anazungumza, na asubuhi alidai kwenda shule. Katika vituo vingi kinachofuata huwa cha haraka: huandikwa dawa nyingine inayodhaniwa kuwa kali zaidi, au sindano. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Dawa isipofua dafu, kinachopaswa kubadilika kwanza ni swali.

Nimonia ya namna hii si ngeni. Mwaka 1938 daktari Hobart Reimann wa Marekani alieleza habari za wagonjwa ambao nimonia yao haikufuata mkondo uliozoeleka, na ndipo jina "nimonia isiyo ya kawaida" likaenea. Penisilini ilipopatikana, haikuufaa ugonjwa huo. Sababu ilidhihirika baadaye: mwaka 1962 Robert Chanock na wenzake waliotesha maabarani kimelea chake kikuu, mikoplasma, bakteria mdogo mno asiye na ukuta wa seli. Amoksilini huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta huo, na asiye na ukuta hana cha kuvurugiwa. Kumwongezea mtoto huyo dozi, au kumhamishia kwenye sindano ya seftriaksoni, ni kutwanga maji kinuni.

Je, kila mtoto anayekohoa apewe azithromaisini? La hasha. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 anayepumua haraka, yaani pumzi 50 au zaidi kwa dakika akiwa na umri wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kuanzia mwaka 1, amoksilini hubaki chaguo la kwanza. Nimokokasi, bakteria anayeweza kumwua mtoto kwa siku chache, kwa kawaida huisikia dawa hiyo. Vilevile, vikohozi vingi vya watoto husababishwa na virusi na havihitaji antibiotiki yoyote.

Tatizo ni kwamba mwongozo unaofahamika zaidi vituoni uliandaliwa kwa watoto wa chini ya miaka 5, ilhali mikoplasma huwaandama hasa wenye umri wa kwenda shule. Mtoto wa miaka 8 hubaki katikati: si mdogo wa kuhesabiwa pumzi, wala si mtu mzima wa kujieleza. Kwa hiyo hudhurio la marudio lisiwe la kubadilisha dawa tu, bali liwe uchunguzi kamili. Je, dozi ilikuwa sahihi kwa uzito wake? Ugonjwa ulianza ghafla, au polepole kwa maumivu ya kichwa na koo? Je, nyumbani kuna mwingine aliyeanza kukohoa wiki 2 au 3 zilizopita? Mikoplasma huambukiza taratibu, mmoja baada ya mwingine.

Uchunguzi huo huo ndio unaomwokoa mtoto ambaye tatizo lake si mikoplasma. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi pamoja na kupungua uzito kinadai kipimo cha kifua kikuu. Hali ya VVU ijulikane. Pumu na kitu kilichompalia mtoto visisahauliwe. Kipimo cha vinasaba kutoka kooni hakipatikani kila mahali, na hata kikipatikana, mtoto mzima huweza kubeba mikoplasma bila kuugua. Kipimo hakichukui nafasi ya masikio na macho ya mhudumu.

Dalili zikielekea huko, azithromaisini au erithromaisini hutumika kwa dozi inayopangwa na tabibu. Isinunuliwe dukani kwa kukisia. Katika Asia ya Mashariki, mikoplasma sugu kwa dawa za kundi hilo imeenea sana, na mwaka 2023 China ilishuhudia ongezeko kubwa la watoto waliougua mikoplasma. Dawa inayotumiwa ovyo leo ndiyo itakayokosekana kesho.

Mzazi naye ana sehemu yake. Arudi bila kuona haya ikiwa mtoto hajapata nafuu ndani ya siku 3, na aseme dawa zote alizompa. Asingoje hata saa moja ikiwa mtoto anashindwa kunywa, anatapika kila kitu, anapata degedege, amelegea sana, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Na mhudumu ampokee mama huyo kama mtu aliyeleta habari mpya, kwa maana dawa iliyoshindwa nayo ni kipimo: imesema jambo kuhusu ugonjwa, na jambo hilo linastahili kusikilizwa kabla ya kalamu kushikwa.